Simu Ilipokataa Kuacha Kujipima

Fahali wangu alikuwa amebakiza pambano moja. Nilijua kwa meno yake, na nilijua kwa jinsi alivyoinuka asubuhi, kwa vipindi viwili, kama mzee mwenye kiuno. Asipopigana Jumamosi hiyo mvua ingeanza, watu wangeingia shambani, na kufikia msimu mwingine angekuwa nyama ya bucha. Na mwenye fahali niliyemtaka nilikuwa nimemfuata misimu miwili. Ni mtu wa rika langu, tulitahiriwa asubuhi moja kando ya mto mmoja. Kila nikimwomba pambano alikuwa na sababu: mara fahali wake amekanyaga msumari, mara mama mkwe amefariki. Mama mkwe huyo alifariki mara mbili. Sasa hatimaye alikuwa amekubali. Kilichobaki ni mimi kusema neno moja: niko.

Neno hilo siku hizi halisemwi kwa mdomo tu. Sisi wenye mafahali wa Isukha, huku Kakamega, tuko kwa grupu ya simu. Katibu, mwalimu mstaafu, anatuma sauti siku ya Alhamisi akitaja fahali gani atakutana na gani na kwa uwanja upi. Kila mwenye fahali anajibu kwa sauti yake mwenyewe, kutoka kwa namba yake mwenyewe, kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Usipojibu jina linaondolewa.

Kanuni hiyo niliileta mimi. Nasema ukweli kwa sababu sina haja ya kuuficha. Kulikuwa na mwenzetu aliyekuwa akituma mlevi kuleta jibu, na siku moja mlevi akachanganya viwanja, fahali wawili wakapelekwa pande mbili, watu wakapiga ngoma za isukuti tangu alfajiri mbele ya uwanja mtupu. Mkutanoni nikasimama nikasema majibu ya mdomo yaishe. Mmoja akauliza, na sisi tusiojua simu za kugusa? Nikamwambia, asiyejua simu akafuge kuku. Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka.

Lazima niseme mimi ni nani ndio uelewe kicheko hicho. Shule niliachia darasa la tatu. Nasoma, lakini kidole kinatembea chini ya neno. Nilianza kwa kuziba pancha za baiskeli mjini Kakamega, nimekaa juu ya debe, na kutoka kwa debe hilo nimejenga nyumba ya mawe na duka la spea za pikipiki. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo simu ya kugusa ilipokuja niliinunua kabla ya hao walimu, na sauti ilinifaa kuliko maandishi. Nilibonyeza, nikaongea, nikaachilia. Kazi imeisha.

Jumatano ya wiki ile simu ilianguka kwenye zizi na kifuniko chake kikalegea. Sikuhangaika. Nilikata utepe wa tyubu ya pikipiki, mnene, nikaufunga kuzunguka simu nikavuta mpaka ukalia. Maisha yangu yote nimefunga vitu kwa mpira wa tyubu. Karia ya baiskeli, mlango wa banda, bomba linalovuja, hata mguu wa kitanda chetu. Mpira wa tyubu haujawahi kuniaibisha.

Alhamisi asubuhi simu ikaisha chaji. Nikaichomeka ukutani, nikanywa chai, nikarudi nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Badala ya picha ya fahali wangu niliyoiweka mbele, ikaja giza. Juu ya giza hilo yakaja maandishi meupe, mistari mistari, na hayakuwa ya Kiswahili wala ya Kiingereza. Yalikuwa kama njiti za kiberiti zilizomwagika sakafuni. Nikagusa kioo. Hakikusikia. Nikagusa tena kwa nguvu. Kimya. Nikabonyeza kitufe cha pembeni, simu ikageuka nyekundu yote. Nikabonyeza tena, kijani. Tena, buluu. Halafu ikatetemeka mkononi kama kuku anayechinjwa na ikapiga mluzi.

Niliizima nikaiwasha. Njiti za kiberiti. Niliizima, nikahesabu mpaka mia, nikaiwasha. Njiti za kiberiti.

Mke wangu alikuwa mlangoni akinitazama. “Mzee, hiyo simu imekukosea nini?”

“Imeingia wazimu.”

“Basi ipumzishe. Hata wewe ukiwa hivyo huwa tunakuacha.”

Siku hiyo sikukaa chini. Nilitoka nyumbani nikaenda zizini, nikamwangalia fahali, nikarudi nyumbani, nikaiangalia simu, nikaenda zizini tena. Nilianza kumnoa pembe kwa kipande cha chupa nikaacha katikati. Niliwaza kwamba saa hii katibu ameshatuma sauti. Saa hii wenzangu wanajibu mmoja mmoja. Sauti zao zinaingia mahali fulani ndani ya kitu hiki nilichokishika, na mimi sizisikii. Hilo ndilo lililonichoma. Zamani ukikosa habari ni kwa sababu habari haijafika. Hii ilikuwa imefika, iko kiganjani mwangu, imefungiwa.

Niligundua kwamba kitufe cha kupunguza sauti kinashusha alama kutoka mstari mmoja hadi mwingine, na kile cha kuwashia kinachagua. Basi nikaanza kujaribu. Mstari wa kwanza ukaleta zile rangi. Mwingine ukawasha tochi. Mwingine ukanionyesha uso wangu mwenyewe kupitia kamera, nimekunja ndita, na sikupenda nilichokiona. Nikashuka hadi mstari mmoja karibu na mwisho. Kidole kilikuwa tayari.

“Uji unapoa!” mke wangu akaita kutoka jikoni.

Nikaweka simu mezani nikaenda. Baada ya uji hasira ilikuwa imekatika kidogo, nikaiacha.

Jioni, tukila obusuma, ugali wetu, akasema, “Si uende kwa katibu umwambie kwa mdomo? Ni mwendo wa dakika ishirini tu.”

“Siendi.”

“Kwa nini?”

“Unajua kwa nini.”

“Najua. Nataka nikusikie ukisema.”

Nilimaliza mboga.

Ijumaa mapema nikachukua pikipiki ya abiria hadi mjini kwa fundi wa simu. Ni mwanamke wa miaka kama thelathini, ana kibanda karibu na soko na miwani ya kukuza anayoivaa juu ya kitambaa cha kichwa. Nilifika kabla hajafungua. Nilizunguka kibanda chake mara nyingi mpaka muuza nyanya wa jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu. Alipokuja alichukua simu yangu, akavua utepe wa tyubu bila kuniuliza, akauweka kando, akatazama kioo.

“Hii imeingia kwa majaribio ya kiwanda, mzee.”

“Kiwanda gani? Mimi niliinunua hapa hapa.”

“Kule inakotengenezwa. Kabla haijatoka wanaipima. Rangi, mtetemo, kamera, spika, kila kitu. Kuna mlango umefichwa wa kuingilia huko. Mteja hatakiwi kuuona.”

“Kama vile vijana wanavyopimwa wakitaka jeshi?”

“Hivyo hivyo. Wanavuliwa nguo zote.”

“Na mbona inapimwa leo? Nani ameiandika kazi?”

Akacheka. “Ulibonyeza vitufe viwili pamoja wakati wa kuwasha. Cha kuongeza sauti na cha kuwashia.”

“Sijabonyeza viwili. Nina akili zangu.”

“Basi ni jini, mzee.” Akashusha alama kwa kitufe, mstari kwa mstari, halafu akasimama. “Hapa ulifika?”

Nikasogea. Ulikuwa ule mstari wa jana. “Nilifika. Karibu niuchague.”

“Ukauchagua?”

“Mke wangu aliniita ninywe uji.”

Akanitazama juu ya miwani. “Huyo mama mnunulie leso. Hapo ndipo pa kufuta kila kitu. Picha, namba, sauti, grupu zako zote. Ingebaki tupu kama ya dukani.”

Yeye akashuka hadi mstari wa mwisho kabisa, akachagua, simu ikazima, ikawaka, na fahali wangu akatokea kwenye kioo, amesimama upande kama nilivyompiga picha. Sijawahi kufurahi hivyo kumwona mnyama ambaye nimetoka kumlisha asubuhi hiyo hiyo.

“Bando lako limeisha,” akasema. “Nunua. Mtandao ukisumbua, zima uwashe.”

Nikashukuru, nikamlipa, nikafunga mpira wangu tena, nikavuta vizuri, nikapanda pikipiki. Ilikuwa inakaribia saa nne na nusu. Nilitaka kujibu nikiwa zizini, nimesimama na fahali, nitulie, sauti yangu isitetemeke, na yeye ikiwezekana angurume kidogo nyuma yangu ili wasikie. Huo ulikuwa ujinga wa majivuno. Ningejibu pale pale barabarani yangekuwa yameisha.

Nyumbani nikanunua bando. Mtandao ukasumbua. Nikafanya kama nilivyoambiwa: nikazima, nikawasha.

Njiti za kiberiti.

Sikumbuki nilisema nini lakini mke wangu aliwafukuza wajukuu waende nyuma ya nyumba. Nilishuka kwa alama hadi mstari wa mwisho kama nilivyomwona fundi akifanya, nikachagua. Simu ikazima, ikawaka, ikarudi pale pale. Mara tatu. Nikaipigiza simu mezani. Haikuvunjika, meza ndiyo ilipata alama. Nikarudi mjini kwa pikipiki ile ile, mwendeshaji haongei tena, ameshaona uso wangu.

Kibanda kilikuwa kimefungwa. “Ameenda kula,” muuza nyanya akasema.

“Saa hii?”

“Watu wanakulanga saa hii, mzee.”

Nilisimama pale. Nilikaa. Nilisimama. Kengele ya shule ikalia upande wa pili wa soko, watoto wakatoka mbio na sahani zao, na nikajua ni saa sita. Jina langu lilikuwa linaondolewa saa hiyo hiyo, na aliyekuwa analiondoa alikuwa anatumia kanuni yangu. Ajabu, nilipojua kwamba muda umeisha sikutulia. Nilidhani ningetulia.

Fundi alirudi akifuta mikono. Nilimrukia. “Umenirudishia ugonjwa! Ulisema umetengeneza!”

“Ulifanya nini?”

“Nilizima nikawasha, kama ulivyosema!”

“Lete.” Akavua mpira, akabonyeza, simu ikawaka vizuri, fahali akatokea. Watu wawili waliokuwa wakingoja wakanitazama. Yeye akauangalia ule utepe kwenye meza. Halafu akanipa simu na mpira pamoja. “Funga nione.”

“Nifunge kwa nini?”

“Funga tu, mzee.”

Nikafunga. Nilifunga kama fundi, mizunguko miwili na fundo la kurudi, nikavuta mpaka mpira ukalia. Akachukua simu, akaizima, akaiwasha kwa kidole kimoja tu, na akanigeuzia kioo. Njiti za kiberiti.

“Huu mpira umekalia kitufe cha kuongeza sauti,” akasema. “Umekibonyeza siku nzima. Ukiwasha unabonyeza cha pili. Vinakuwa viwili. Kila ukiwasha unafungua ule mlango wewe mwenyewe.”

Mmoja wa waliokuwa wakingoja akasema, “Mzee, simu si karia ya baiskeli.” Wakacheka, muuza nyanya naye. Siku nyingine mtu akinicheka hivyo ningemjibu. Lakini mpira ulikuwa wangu, na fundo lilikuwa langu, zuri kabisa, halina kosa lolote ila mahali lilipowekwa. Nikaukata kwa meno nikauweka mfukoni, fundi akaizima simu akaiwasha.

Sauti zikaanza kuingia. Nilizisikiliza nikiwa nimeipa mgongo barabara. Katibu akitangaza pambano, jina langu na la mwenzangu. Wenzetu wakijibu, niko, niko, niko. Kisha yule wa rika langu: “Niko. Na huyo mzee wa spea mwambieni alete fahali wake akiwa ameshakula, kwa sababu jioni hatakuwa na hamu ya chakula.” Kisha leo asubuhi, katibu akiuliza mara mbili niko wapi. Kisha rika langu tena, na nyuma yake watu wakicheka: “Mnamtafuta wapi? Yuko chini ya kitanda. Fahali yuko juu ya kitanda.” Na mwisho katibu, kwa sauti yake ya darasani: “Mzee hajajibu. Jina limeondolewa kwa mujibu wa kanuni aliyoileta yeye mwenyewe. Asanteni.”

Nikabonyeza nikasema, “Niko.” Sauti yangu ikaenda. Katibu akajibu upesi: “Muda umepita, mzee. Labda mwenzako akubali. Mimi siwezi.”

Hapo palikuwa na jambo gumu zaidi. Kwetu mwenye fahali hakanyagi boma la mwenzake wiki ya pambano. Ukionekana umeingia, ng'ombe akikohoa tu watasema uliacha dawa langoni. Na kumwomba kwa simu, mbele ya grupu nzima, angejibu kwa mzaha mwingine na mambo yangeishia hapo. Nilimjua. Mtu huyo hawezi kukataa akiangaliwa machoni, ndiyo sababu misimu miwili alikuwa akinijibu kwa simu.

Nilienda nikasimama barabarani, ng'ambo ya mtaro, mbali na lango lake, mikono nimeiweka juu ili kila mtu aone sijashika kitu. Nikaita. Akatoka na kikombe cha chai.

“Ah! Umetoka chini ya kitanda!”

“Nimetoka. Jina langu limeondolewa. Nimekuja umwambie katibu alirudishe.”

“Kwa nini hukujibu?”

“Simu iliharibika.”

“Simu zinaharibikanga kwa watu waoga.”

Majirani walikuwa wameanza kusogea kwenye ua. Mama mmoja alisimama na karai lake la mboga kichwani na hakulitua. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema ilianguka majini. Nikasema ilivyokuwa: niliifunga kwa mpira wa tyubu, mpira ukabonyeza kitufe, ikaingia mahali pa kiwandani, na sikujua kuitoa. Nilipofika kwa mpira wa tyubu alikuwa ameshaweka kikombe chini kwa sababu ya kucheka.

“Sema tena! Wa kule nyuma hawajasikia!”

Nikasema tena. Nilisema kwa nguvu zaidi.

“Na ile ya kufuga kuku? Nani alisema asiyejua simu akafuge kuku?”

“Ni mimi.”

“Sasa unataka nini?”

Maisha yangu yote nimenunua, nimejenga, nimelipa. Kuna neno ambalo nimelikwepa tangu siku za lile debe. “Naomba,” nikasema. “Huyu ni wa mwisho. Hana msimu mwingine. Naomba apigane na wako.”

Akaacha kucheka. Aliniangalia machoni ng'ambo ya mtaro. Kisha akatoa simu mfukoni, akaiweka karibu na mdomo, akasema nikisikia: “Mwalimu, mrudishe huyu mzee. Nimemkubali. Na hiyo kanuni yake mwiangalie Jumamosi, imemuuma mwenyewe.” Akanigeukia. “Nenda umlaze mapema. Na wewe pia ulale.”

Sikulala. Hiyo pia ni kweli.

Jumamosi jua likichomoza tulikuwa uwanjani, isukuti zikilia upande huu na upande ule, umande mpaka kwenye magoti. Waliachiliwa. Fahali wangu aliingia kwanza, kichwa chini, na kwa muda mfupi alimsukuma yule mwingine hadi kwenye nyasi ndefu, na nikasikia sauti yangu ikipiga kelele bila mimi kuiamuru. Halafu miguu ya nyuma ikaanza kuteleza. Niliona kabla ya wengine kuona. Alishika, akashika, akaachia. Akageuka, akakimbia akipita kati ya watu, na upande wa pili wote ukaruka juu kwa nyimbo.

Rika langu alinijia katikati ya kelele, majani kichwani, jasho usoni. “Ungekaa kimya na simu yako mbovu,” akasema, “ungesema mpaka kufa kwamba fahali wako angenishinda.”

“Ningesema,” nikamjibu. “Na wewe ungesema nilijificha.”

“Ningesema.”

Akanipa mkono. Nilimshika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tulimpata fahali kando ya mto, amesimama majini, anapumua. Nilimfunga kamba nikarudi naye nyumbani polepole, yeye mbele, mimi nyuma. Habari ilikuwa imetutangulia. Kila lango tulilopita watu walishajua, walikuwa wameshika simu mkononi wakinitazama. Karibu na nyumbani akaingiza kichwa kwenye ua wa watu akaanza kula majani ya viazi, bila haya, kama mtu aliyemaliza kazi.

Mama mwenye shamba akatoka na mwiko. “Wewe mzee! Toa huyo mshindwa kwa viazi vyangu!”

Nikavuta kamba. Hakutaka. Nikamwacha ang'ate mara mbili zaidi, ndipo nikavuta tena.